Karani Hadanganyi Fomu

Wiki iliyopita niliwaacha nimekumbatia karai, natapika nyongo. Ambaye hakusoma nitamweleza kwa ufupi, kisha asiniulize tena, maana kuyarudia kunanichefua upya.

Mimi ni Kalekye. Nakaa Kaloleni, nyumba ya kaunsili ya jiji, pamoja na mume wangu Munyoki, ambaye ni karani huko huko kaunsili. Tulioana mwaka wa sabini na saba. Sasa ni themanini na tano, na katika mtaa huu ambapo kila mwanamke ni Mama Fulani, mimi ni Kalekye tu, kama yaya.

Mwaka mzima nimekuwa nikienda kliniki ya wanawake kila Ijumaa. Nimepulizwa mirija ya uzazi nikapiga mayowe mpaka walio nje wakaanza kuomba. Nimemeza vidonge vinavyonivimbisha tumbo hadi watu wa kanisani wakanipongeza. Ndivyo vilivyonikumbatisha karai.

Naye mama mkwe wangu, Mukai, alikuja kutoka Masii akaniwekea siku. Ikifika Jumamosi ya mwisho ya mwezi, niwe nimeshika mimba. La sivyo, nioe.

Ndiyo, nioe mimi. Gazeti halijakosea.

Kwetu Ukambani, mwanamke asiyejaliwa mtoto anaweza kuoa msichana. Msichana huyo anaitwa iweto. Mwanamke ndiye anayetoa mbuzi, ndiye anayesimama mbele ya wazee, na watoto wanaozaliwa ni wa nyumba yake na wa ukoo wa mumewe. Aliyewapa mimba hatajwi. Kuuliza ni kukosa adabu.

"Wengine wangemletea mwanangu mke wa pili," Mukai aliniambia siku hiyo, amejaa kwenye kile kiti changu kizuri chenye kitambaa. "Mimi nimekataa. Nakupenda, Kalekye. Hutatolewa nyumba hii. Utakuwa mkubwa ndani yake."

"Asante, Mwaitu," nikamwambia. Mwaitu ni mama, kwa Kikamba. Nikalia kwa shukrani. Nikamchinjia kuku.

Mkumbukeni huyo kuku. Tutarudi kwake.

* * *

Leo naungama dhambi yangu kwanza, ndipo nitaje za wenzangu.

Ilikuwa Ijumaa, majuma matatu kabla ya hiyo siku ya Mukai. Tulikuwa wanawake kumi na saba kwenye benchi, kila mmoja na kadi yake na chupa yake ya mkojo kwenye mkoba. Muuguzi Nasike akatoka na rundo la karatasi.

"Akina mama, sikilizeni. Daktari wa chuo kikuu anataka kupima fikira zenu."

"Fikira inapimwa na nini?" akauliza Benta. "Iko na kipimo yake kama homa?"

Benta ni mke wa Phares, ana kibanda cha mboga Mbotela, na mdomo wake haujui Ijumaa wala Jumapili.

"Inapimwa kwa maswali," Nasike akasema. "Arobaini. Mimi nasoma, wewe unajibu kwa namba. Moja ni hapana kabisa. Tano ni ndiyo kabisa. Kukosa mtoto ni mzigo, na daktari anataka kujua kila mmoja wenu amebeba mzigo wa uzito gani."

Nasike alipogeuka, Benta akanishika mkono, akaniita binti wa Machakos kwa Kijaluo chake.

"Nyar Machakos, sikia. Hao watu usiwaambie ukweli."

"Kwa nini?"

"Hiyo ni mtihani. Wanatafuta nani wa kufuta. Kichwa ikijaa mawazo, dawa haishiki, hiyo kila mtu anajua. Ukionekana mtu wa kulia-lia, unaambiwa enda nyumbani pumzisha akili, na dawa yako anapewa mwingine. Sema moja. Kila swali, moja."

"Nani amekwambia?"

"Si nimekwambia kila mtu anajua?"

Na kweli, kufikia wakati Nasike anaita wa kwanza, kila mtu alikuwa anajua. Neno lilipita benchi zima, mdomo hadi sikio. Sisi tuliosoma shule tulifundishwa kwamba mtihani una wanaopita na wanaofukuzwa, na hakuna aliyetufundisha mtihani wa namna nyingine. Wanawake kumi na saba, matumbo matupu kumi na saba, tukakubaliana kwamba hatuna shida yoyote duniani.

Nikaitwa. Nasike akavuta pazia, akakaa na kalamu.

"Ukiona mwanamke mwenye mimba, unaumia?"

Asubuhi hiyo nilikuwa nimevuka barabara ya Jogoo mbio, karibu nikanyagwe na lori, ili nisikutane na jirani yangu Roseline na tumbo lake la miezi saba.

"Moja," nikasema.

"Unalia ukiwa peke yako?"

"Moja."

Nasike akaniangalia machoni. Yalikuwa yamevimba kama maandazi.

"Na hayo macho?"

"Kitunguu."

Akaandika moja.

"Ukilala na mumeo, unaona ni kama kazi ya daktari tu?"

Hapo nilikaribia kushindwa. Ukutani kwetu kuna kalenda ya duka la dawa, siku zangu za kushika mimba zimezungushiwa wino mwekundu. Munyoki huitazama kama anavyotazama zamu za wafagiaji. Akimaliza, huzima taa na kuuliza kama nimekumbuka kuinua miguu. Kinyaa! Nikimkumbuka hapo mpaka leo nasikia ngozi ikisisimka.

"Moja," nikasema.

Nasike akaweka kalamu chini. Ni mwanamke wa Bungoma, mtulivu, si mtu wa maneno mengi.

"Mama, mficha uchi hazai."

"Andika moja, sister."

Akaandika. Maswali arobaini, uongo arobaini. Nilitoka pale nikijinukia mwenyewe. Afadhali mtu aibe kuku kuliko kuketi mbele ya mtu anayetaka kukusaidia na kumdanganya kwa namba.

* * *

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya wanaume.

Niwaambie jambo kuhusu Munyoki na hospitali. Mwaka huo mzima daktari alikuwa anamwita aje apimwe, na mwaka mzima alikuwa na jibu lile lile.

"Karani wa kaunsili apande basi na chupa ya vitu vyake mfukoni? Nikikutana na mkubwa wangu?"

"Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua. Isitoshe, mgonjwa ni nani kati yetu?"

Basi nilipomwambia kuna karatasi ya kujaza, nilijua atakataa. Nilikosea. Aliinua kichwa kutoka kwenye ugali.

"Ni fomu?"

"Fomu tu."

"Kurasa ngapi?"

Kama hamjawahi kuishi na karani, hamtaelewa. Munyoki amekaa nyuma ya dirisha la kaunsili miaka kumi na mitatu, akipokea fomu na kurudisha fomu. Hawezi kuona nafasi tupu kwenye karatasi akalala. Siku moja mjomba wake mwenyewe, Mzee Mbithi, dereva wa gari moshi aliyestaafu, alikwenda pale kuomba kibali cha banda la kuku. Alisahau kuandika tarehe. Munyoki alimrudisha mwisho wa foleni kwenye jua, mtu aliyemlipia shule. Akasema fomu ni fomu.

Akaenda kliniki Jumanne, na kalamu mbili. Alirudi jioni akanawa mikono muda mrefu, akakataa chakula.

"Maswali yalikuwaje?" nikamuuliza.

"Maswali ni maswali."

"Uliyajibu yote?"

Akaniangalia kama nimemtukana.

"Fomu haiachwi wazi, Kalekye."

* * *

Ijumaa ya mwisho ilifika, kesho yake ikiwa ndiyo Jumamosi ya Mukai. Mimba, hakuna. Tayari Mukai alikuwa njiani na msichana aliyenichagulia. Nilikwenda kliniki kuomba hata vidonge vikali zaidi, vinitapishe matumbo kama ni lazima.

Nasike akaniita nyuma ya pazia. Hakuwa anacheka.

"Kalekye, umepata alama ngapi unajua?"

"Ngapi?"

"Arobaini. Chini ya hapo hakuna. Na Benta? Arobaini. Na huyu? Arobaini. Benchi lote arobaini! Daktari wa chuo ananiuliza kama nimemletea malaika kumi na saba au waongo kumi na saba."

"Sasa tumefutwa?"

"Kufutwa na nani? Nani aliwaambia habari ya kufutwa? Wenye mzigo mkubwa ndio walikuwa waitwe kwanza, mtu na mumewe, wakae na daktari mkubwa, waulizwe vizuri, wapimwe wote wawili. Nyinyi mmesema hamna mzigo. Basi hakuna wa kuitwa, na za waume zenu hata hazijasomwa."

Nilikosa pa kuweka uso. Nilichokuwa nakitafuta mwaka mzima kilikuwa mbele yangu, mtu na mumewe wapimwe wote wawili, nami nikakifukuza kwa moja, moja, moja.

"Nipe niandike upya," nikasema. "Nitasema kweli."

"Unajua kusoma. Shika, ujaze mwenyewe, mimi sitaki kukuangalia usoni ukinidanganya tena."

Akanipa faili. Wakati huo huo Benta alikuwa ameanza kelele huko nje kwamba anaonewa kwa sababu hana mtu mkubwa, na Nasike akatoka kumnyamazisha.

Nikafungua. Ndani kulikuwa na karatasi mbili zimebanwa kwa pini moja, ya mke na ya mume. Ya juu ilikuwa yangu. Nikaifunua kuangalia ya chini. Ndiyo, najua haifai. Nimeshasema leo naungama.

Juu kabisa ilichapwa kwa herufi kubwa kwamba mtu asiandike jina lake, hii ni siri. Na chini yake, kwa ule mwandiko ninaoujua, alikuwa ameandika jina lake lote, cheo chake, sanduku lake la posta na tarehe. Halafu akatia sahihi. Nilicheka peke yangu.

Kisha nikasoma, na kicheko kikakatika.

Unalia ukiwa peke yako? Tano.

Unashindwa kulala? Tano.

Unamwonea mke wako huruma? Tano, na duara lake limepitishwa kalamu mara mbili.

Nisiwafiche, moyo ulilainika. Huyu mtu mkavu, anayezima taa na kuuliza habari za miguu, kumbe analia? Nikasoma mpaka swali la thelathini, tano baada ya tano, na machozi yakaanza kunitoka. Nikajiambia, Kalekye, ulikuwa na mume miaka minane na hukumjua. Nikapanga nikifika nyumbani nimpikie muthokoi, nimkalie karibu.

Kuanzia swali la thelathini na moja, wanaume walitakiwa kuandika kwa maneno. Munyoki aliandika kwa herufi kubwa, kama inavyotakiwa.

Unafikiri shida iko kwa nani? KWANGU.

Ulijuaje? NILIPIMWA MACHI 1976. SABABU: MATUBWITUBWI NIKIWA MTU MZIMA.

Nani mwingine anajua? MAMA MZAZI.

Mke wako anajua? HAPANA KABISA.

Nilisoma mara tatu. Machi sabini na sita. Harusi yetu ilikuwa Desemba sabini na saba. Mtu huyu alisimama mbele ya mchungaji na shada kifuani akijua.

Miaka minane alinidanganya mimi, akawadanganya wazazi wangu, akamdanganya mchungaji. Lakini fomu! Fomu hawezi kuidanganya! Alipoona nafasi tupu, ile kweli aliyoninyima mimi kitandani akaipa karatasi.

Nilitafuta mahali pa kutema mate, nikatemea kwenye ndoo yao.

Halafu nikamkumbuka yule kuku.

Kwa nini Mukai alikataa mke wa pili? Nilidhani ni mapenzi. Wenzangu walidhani ni kanisa. Sasa nikaona. Mke wa pili angekaa mwaka, miwili, na yeye pia tumbo tupu, na Masii nzima ingejua ugonjwa uko kwa nani. Lakini iweto anaolewa na mimi. Mimi ndiye tasa mbele ya wazee, kwa kinywa changu, na mtoto akija, aliyempa mimba hatajwi. Munyoki anapata mtoto, anapata jina, anabaki dume. Na aibu yote anavalishwa Kalekye kama kanga.

Nami nilimshukuru! Nilimpigia magoti! Alikula kuku wangu mpaka akavunja mifupa, akafyonza, huku akijua!

Mirija yangu ilipulizwa kwa matubwitubwi ya mtu mwingine. Vidonge vilinitapisha kwa ugonjwa ambao sina. Nilitaka kujiosha ndani na nje, na hakuna maji ya kunitosha hapa Nairobi.

Nikasikia viatu vya Nasike vinarudi. Nikakunja zile karatasi mbili na pini yake, nikazitia kifuani.

"Umejaza?"

"Imejazwa, sister."

"Iko wapi?"

"Nitakuletea," nikasema, nikatoka. Hiyo ni dhambi ya pili.

Benta alinifuata mpaka langoni. "Wamekufuta?"

"Wameniponya," nikamwambia, nikamwacha amefungua mdomo.

* * *

Usiku nililala na karatasi zangu kifuani. Asubuhi nilifunga nguo zangu kwenye begi, nikalisukuma chini ya kitanda. Nilikuwa nimeamua. Nitasema mbele ya wote, nitachukua begi, nitaondoka. Hotuba niliipanga nikiwa nafagia.

Saa nne wakafika. Mukai mbele, na kitambaa kipya kichwani. Nyuma yake msichana na sanduku la bati. Anaitwa Kanyiva, ana miaka ishirini, alimaliza darasa la saba, amelelewa na bibi yake ambaye Mukai alishakubaliana naye huko Masii. Mzee Mbithi alikuja kwa miguu kutoka mstari wa pili wa nyumba zetu, kofia ya reli kichwani, kuwa ndiye mzee wa kushuhudia.

Kanyiva alinifuata jikoni kunisaidia vikombe.

"Wameniambia wewe ni mume wangu," akasema polepole. "Sasa nitakuitaje? Nikisema mume wangu, nitacheka."

Sikutaka kumpenda. Nilimwambia achukue sukari.

Tukaketi. Mukai alikuwa tayari kwenye kiti changu kizuri. Munyoki alikuwa na daftari gotini na kalamu mkononi, kwa sababu makubaliano lazima yaandikwe. Hata siku hiyo!

Mzee Mbithi akakohoa.

"Kalekye. Sisi watu wa kanisa tunajifanya hatujui mambo haya, lakini tunayajua. Wewe ndiwe mwenye kuoa, kwa hiyo ni wewe wa kusema, si mume wako, si mama mkwe. Kwa kuwa nyumba yako imekosa mtoto kwa sababu yako, unamtaka huyu msichana?"

Kwa sababu yako. Nikamwona Munyoki anaandika hayo maneno.

"Kabla sijajibu, Mzee," nikasema, "nina karatasi."

Nikazitoa kifuani. Munyoki alizijua kabla sijazikunjua. Kalamu ikamwanguka.

"Hiyo ni mali ya hospitali! Ni siri! Lete hapa!"

"Keti," akasema Mzee Mbithi.

"Mjomba, hiyo ni karatasi ya ofisi, haisomwi ovyo ovyo..."

"Uliniweka juani kwa sababu ya tarehe, kijana. Keti tuone kama wewe uliandika yako."

Lakini Mzee hakuwa na miwani. Akazigeuza, akazisogeza mbali, akazisogeza karibu. Kisha akampa mtu aliyekuwa karibu naye, na mtu huyo alikuwa Kanyiva.

"Wewe umesoma. Tusomee, binti."

Kanyiva akaanza na ya juu. Ile yangu. Kwa hasira zangu nilikuwa nimeisahau.

"Ukiona mwanamke mwenye mimba, unaumia? Moja, hapana kabisa. Unalia ukiwa peke yako? Moja, hapana kabisa. Unaona..."

"Mmesikia?" Mukai akapiga makofi. "Mmesikia kwa masikio yenu? Haumii! Halii! Nani amewahi kuona mwanamke wa namna hii? Na mimi nilikuwa namhurumia! Moyo wa jiwe, ndiyo maana tumbo limekuwa jiwe."

Nilichomwa na uongo wangu mwenyewe, mbele ya watu. Ningesema nilidanganya kwa sababu Benta wa Mbotela aliniambia kila mtu anajua?

"Kuna ingine nyuma," akasema Kanyiva. "Hii iko na jina la huyu." Akamtazama Munyoki.

"Soma," nikasema.

Akasoma. Tano, tano, tano. Mzee Mbithi akatikisa kichwa kwa huruma. Akafika thelathini na moja. Alisoma bila kupunguza sauti na bila kuongeza, kama msichana aliyewahi kusomeshwa Biblia kanisani. Kwangu. Machi sabini na sita. Matubwitubwi. Mama mzazi. Hapana kabisa.

Nje watoto wa Kaloleni walikuwa wanacheza mpira wa makaratasi. Tulisikia kila teke.

Munyoki alianza kulia. Alilia tano kamili, mabega yanaruka, makamasi yanashuka hadi kwenye daftari. Nilimtazama nikangoja huruma ije. Haikuja. Nilichosikia ni kichefuchefu, kile kile cha vidonge.

Mzee Mbithi akavua kofia. "Mukai," akasema. "Ni kweli?"

Nilitarajia akane, au apige magoti. Wapi! Mukai alijiweka sawa kwenye kiti changu.

"Ni kweli. Ni mama gani hangeficha uchi wa mwanawe? Mnataka nimwanike sokoni? Haya, mmesoma, mmemaliza. Sasa Kalekye, nikuulize. Una miaka thelathini na nne. Leo ukitoka hapa na hilo begi lako nililoliona chini ya kitanda, unaenda kwa nani? Utaolewa lini? Utazaa lini? Munyoki hatazaa, lakini huyu msichana atazaa, na mtoto atakuwa wako. Atakuita mama. Mzee alikuuliza swali. Jibu."

Hotuba yangu niliyoipanga asubuhi ilikuwa nzuri. Ilikuwa na Mungu ndani yake, na laana, na mlango unaobamizwa.

Nikafungua kinywa. Na macho yangu, mbwa hawa, yakamwangalia Kanyiva. Yakaiangalia mikono yake iliyoshika karatasi. Kiuno chake. Nikamwona mtoto. Nawaambia nilimwona, ana kofia ya sufu ya manjano, ananiita kutoka mlangoni, na Roseline anapita nje ananiamkia, habari yako Mama Fulani.

Nilimchukia Mukai kwa kunijua hivyo. Nikajichukia zaidi. Nilikuja na ushahidi wa kuwaumbua, na sasa nilikuwa kama wao, napima tumbo la mtoto wa watu kwa macho.

"Unamtaka au humtaki?" akauliza Mzee Mbithi, safari hii kwa upole.

Nilikuwa nimeapa sitadanganya tena.

"Namtaka," nikasema. "Ndiyo kabisa."

Mukai akashusha pumzi. Munyoki akapangusa pua, akaokota kalamu yake sakafuni, na kwa jina la Mungu aliye hai, akaanza kuandika.

Kanyiva alizikunja zile karatasi, akazikunja tena, akazitia kwenye kifua cha gauni lake kama nilivyokuwa nimefanya mimi. Kisha akasimama mbele ya Mukai mpaka Mukai, kwa kukosa la kufanya, akainuka kwenye kile kiti kizuri. Kanyiva akaketi.

"Mmeulizana nyinyi nyote," akasema. "Hospitali imewauliza, mzee amewauliza. Mimi tangu Masii hakuna mtu ameniuliza kitu."

Akaweka mikono magotini, akatutazama mmoja mmoja, mimi wa mwisho.

"Haya. Niulizeni."